Hesabu ya Makaburi ya Kashanda

Mtu aliyekufa alipanda ngazi za Redio Upwa siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, kofia mkononi, akapumzika mara mbili njiani kwa sababu pumzi zilikuwa zikimwishia. Alipofika mlango wa ofisi ya masahihisho alibisha hodi kwa adabu na kuomba kiti.

Kemilembe Bitegeko alimwonyesha kiti bila kuinua macho. Wiki hiyo kila aliyepanda zile ngazi alikuwa na lake kuhusu kura. Jumapili, Jimbo zima la Upwa lingeamua kama Kampuni ya Bwawa irudi kushika malango ya maji ya Kashanda au ibaki kule kule ilikofukuziwa. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakija kulalamika: huyu jina lake limetamkwa kwa dharau, yule umati wake wa mkutano umepunguzwa nusu. Kazi ya Kemilembe ilikuwa kuwasikiliza, kuchunguza, na kama redio ilikosea, kuhakikisha redio inakiri.

"Jina lako, mzee wangu?"

"Hilo jina ndilo lililonileta," mgeni alisema. "Naitwa Bagenda Kahwa. Wa Kashanda."

Hapo Kemilembe aliinua macho. Jina hilo alikuwa akilisoma hewani kila mwaka, na angelisoma tena keshokutwa asubuhi. Lilikuwa la kumi na saba katika orodha ya majina sitini na tatu.

"Mwenye jina hilo alikufa," alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia.

"Najua. Nakusikia kila mwaka, nikiwa ng'ambo. Unasoma vizuri, hukimbii."

Kemilembe alimtazama sikio la kulia. Lilikuwa tupu, halijatobolewa. Kule Upwa mtu mzima asiye na kipuli ni wa kutiliwa shaka, maana kipuli huvishwa mtoto anapotimiza miaka saba na hakitoki mpaka siku ya kuzikwa. Ni kitu kidogo, hakizidi punje ya mtama, nacho humpa mtu redio sikioni. Kilibuniwa baada ya ile miaka ya picha za uongo, wakati mashine zilipoweza kumwonyesha mtu yeyote akisema lolote mahali popote, na watu wakaacha kuamini hata macho yao wenyewe. Wahandisi wa Upwa hawakuhangaika kuzizuia mashine zisidanganye, walijua hawaziwezi. Walichofanya ni kulipatia kila neno la habari shina lake: nani kalisema, akiwa wapi, saa ngapi, na nani kalisikia. Redio ikigundua imekosea, sahihisho humfuata kila aliyelisikia lile kosa, mmoja mmoja, awe sokoni au msalani, na kipuli chake hakipokei habari nyingine mpaka alisikilize lote. Msikilizaji akishafariki, kipuli chake huvishwa mrithi siku ya kuondoa matanga, na masahihisho yake hurithiwa pamoja nacho. Hata habari za zamani, zilizosomwa kabla kipuli hakijabuniwa, zilipachikwa mashina baadaye, na orodha ya Kashanda ndiyo ilikuwa ya kwanza kupachikwa.

Kitu kimoja tu kilikishinda kipuli, nacho ni kumtambua mtu mkweli aliyekosea.

"Nipe kidole gumba," Kemilembe alisema.

Mashine ya mezani ililinganisha alama ya kidole na daftari la zamani la wapiga kura. Haikuchukua muda kurudi na jibu: Bagenda Kahwa, mzaliwa wa Kashanda, marehemu. Kemilembe alilisoma jibu lile mara tatu.

Bagenda alitoa barua kwenye kofia. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Alisimulia polepole, kama mtu aliyekwisha jisimulia mara nyingi. Alfajiri ile, Kampuni ilipofungua malango bila kupuliza honi na maji yakawashukia watu waliopiga kambi bondeni kuidai ardhi yao, yeye alishika gogo. Aliokotwa ng'ambo ya ziwa siku ya pili, mguu umevunjika, fahamu hana. Alipozinduka, redio ya hospitali ilikuwa ikisoma majina ya waliokufa, na lake likiwemo. Alipopata nguvu ya kushika kalamu aliiandikia Redio Upwa kuwaambia yu hai.

"Nikajibiwa," alisema. "Soma."

Mwandiko ulikuwa wa Ishengoma, mwasisi wa redio, marehemu kwa miaka sita sasa, ambaye picha yake ilitundikwa juu ya kichwa cha Kemilembe. Barua ilikuwa fupi. Ilimpa pole, ilimshukuru Mungu kwa uhai wake, kisha ikaendelea: *Kampuni inasema waliokufa ni wavuvi saba. Sisi tumesema sitini na tatu, na kwa hesabu hiyo watu wameweka chini majembe na nyavu kutoka Kashanda mpaka mjini. Ukionekana leo, watasema tumeongopa yote. Nakuomba kama ndugu, kaa huko kwanza. Jimbo linakuhitaji ukiwa umekufa.*

"Kwanza," Kemilembe alisema.

"Ndiyo. Aliandika kwanza. Nikangoja aniambie sasa." Bagenda alitabasamu kidogo. "Kampuni ikaondoka. Mkaandika Katiba. Nikajisemea ngoja mambo yatulie. Baadaye nikasikia kuna siku ya kumbukumbu, majina yanasomwa, watoto wa shule wanayaimba. Ukishafika hapo unarudi vipi, mama? Unamwambia nani?"

Hakutaka kuharibu kura, alisema. Yeye mwenyewe angepiga hapana, kama marehemu wangeruhusiwa kupiga. Ila figo zilikuwa zimechoka, na daktari wa ng'ambo alikuwa amemhesabia majuma. Alikuwa na binti, Asimwe, aliyemwacha na miaka minne, na siku hizi alimsikia akihutubia mikutano ya hapana kama mtoto wa marehemu. Alitaka Asimwe ajue. Halafu azikwe kwa jina lake, na safari hii awe ndani ya kaburi yeye mwenyewe.

"Nani aliyeyahesabu yale makaburi?" aliuliza, bila ubaya wowote. "Nilitaka tu kujua ilikuwaje."

"Ni mimi," Kemilembe alisema.

*

Alikuwa na miaka ishirini na minne wakati huo, na kazi ile ndiyo iliyomfanya awe Kemilembe. Kampuni ilikuwa imefunga barabara. Alitembea kwa miguu siku tatu, vijiji vitano, kibanja hadi kibanja, kila nyumba na shamba lake la migomba, akiandika kwenye daftari la shule, kisha akavuka kizuizi cha askari amelala chini ya mikungu ya ndizi. Ishengoma aliisoma orodha hewani jioni ile ile. Siku arobaini baadaye Kampuni ilikuwa imefungasha. Hakuna mwalimu wa uandishi Upwa asiyelitaja daftari lile, na kwa kweli Kemilembe alikuwa amezoea kusifiwa.

Kulikuwa na jingine alilojivunia kimoyomoyo. Redio Upwa ilikuwa na desturi ya kusimama. Aliyekosea husoma sahihisho mwenyewe, kwa sauti yake, amesimama wima mbele ya kinasa sauti, na maneno ya kwanza ni jina lake na *nilikosea*. Hakuna kusema *ilitokea hitilafu*. Wote walikwisha simama, hata Ishengoma alisimama mara kumi na moja. Kemilembe hajawahi. Wenzake walimtania kwamba miguu yake imeumbwa ya kukalia tu.

Mutayoba, mhariri mkuu, alimsikiliza akiwa amekaa kwenye ukingo wa meza. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, bosi wake kwa cheo na mdogo wake kwa umri, naye hakulisahau hata moja kati ya hayo.

"Ma Kemi, shikamoo yangu unayo, na nakuheshimu. Lakini hili lingoje Jumatatu."

"Alhamisi asubuhi nasoma majina, Muta. Nilisome jina la mtu niliyempa chai?"

"Asome mwingine."

"Atasoma uongo wangu kwa sauti yake. Ndiyo nafuu hiyo?"

"Nafuu ni kwamba yeye hajui!" Mutayoba aliteremka mezani. "Unajua Kampuni wanasema nini mitaani? Saba. Mpaka leo wanasema saba. Ukimtoa mmoja hawatasema sitini na wawili. Watasema, mnaona, hata wa kwao wamekiri. Na kila kipuli cha jimbo hili kitakisema hicho kitu, kwa lazima, siku tatu kabla ya kura. Sisi wenyewe ndio tumetengeneza hiyo mitambo."

"Tuliitengeneza kwa ajili ya siku kama hii."

"Tuliitengeneza kwa ajili ya makosa. Hili si kosa, hili ni jimbo zima."

Kemilembe aliogopa kama Mutayoba alivyoogopa. Alikuwa amelala kwenye tope la Kashanda akihesabu vilima vya udongo mbichi, alijua ni nani aliyefungua malango yale, na hakutaka kuwaona wamerudi na funguo mkononi. Angeweza kumwita Asimwe faraghani, awakutanishe baba na mwana, asome orodha Alhamisi kama kawaida, akiri Jumatatu. Hakuna kipuli ambacho kingemshtaki. Kilichomzuia ni ile barua. Ishengoma naye alisema *kwanza*, na alikuwa mtu mwema.

"Kaburi la Bagenda lipo," alisema mwishowe. "Nililiona kwa macho yangu. Kuna nini ndani?"

Mutayoba aligeukia dirishani. "Unajua kuna nini ndani, Ma Kemi. Wewe ni mtu wa huku."

*

Alijua. Kila mtu wa Upwa anajua. Mtu akimezwa na maji asipatikane, ndugu zake hawamwachi hivi hivi. Wanakata mgomba wa urefu wake, wanauogesha, wanauvika lubugo, nguo ya gome la mti, wanaulilia na kuuzika kibanjani kwa heshima zote. Ukishafukiwa hauitwi mgomba tena. Ni yeye. Kumuuliza mfiwa kuna nini chini ya udongo ule ni utovu wa adabu ambao hata mlevi haufanyi.

Jumatano asubuhi alirudi Kashanda kwenda kufanya utovu huo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Ma Nyamwiza, bibi wa miaka themanini ambaye mwanawe alikuwa wa tatu kwenye orodha. Alimkaribisha mkekani na kumtolea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyotolewa kila mgeni.

"Ulipita hapa," bibi alisema. "Ulikuwa mwembamba. Viatu vyako vilikuwa vimeachama mbele."

"Ndiyo, Ma. Nilikuuliza ni nani amelala pale."

"Nikakuambia. Ni Rwiza."

"Sikukuuliza kama mlimpata."

Ma Nyamwiza alitafuna kwanza. Kaburi lilionekana kutoka pale walipoketi, limezungushiwa mawe na kupaliwa vizuri, na maua ya njano yamepandwa upande wa kichwani.

"Hatukumpata," alisema. "Ungeniuliza ningekuambia. Nilijua utaniuliza, wewe si mtu wa redio? Nikasema moyoni huyu binti ana adabu sana." Akamtazama usoni. "Ulikuwa na adabu sana, mwanangu."

Kemilembe alitaka ardhi immeze. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewafundisha vijana kwamba hesabu ya Kashanda ilikuwa kazi ya ujasiri, na kumbe pale palipohitaji ujasiri wenyewe aliona haya akapita. Hakuna aliyemdanganya. Aliuliza swali dogo akapata jibu dogo, kisha akaandika jibu kubwa.

"Kwa nini unauliza leo?" bibi alisema.

"Kuna mmoja amerudi, Ma. Hai."

Mkono wa Ma Nyamwiza ulisimama juu ya kikapu. Haikuwa furaha iliyopita kwenye uso wake, wala huzuni. Aligeuka akalitazama lile kaburi lililopaliwa, halafu njia inayoingia kibanjani, halafu kaburi tena.

"Nani?"

"Bagenda."

"Bagenda," bibi alisema. "Ni Bagenda peke yake?"

Kemilembe alisema hajui. Hapo ndipo alipouona ukubwa wa jambo aliloshika, na kura ilikuwa upande mmoja tu wa jambo hilo. Alikuwa amekuja kuchukua jibu kwa bibi wa watu, naye alikuwa anamwachia swali ambalo lingemkosesha usingizi mpaka anaingia kaburini. Na Alhamisi, vipuli vingewaachia wafiwa wote swali hilo hilo.

Aliendelea, kwa sababu nusu ya hesabu ingekuwa mbaya zaidi. Nyumba nyingine walimjibu kwa sauti ya chini, kwingine walimfukuza. Mwanamume mmoja alimsindikiza mpaka barabarani akimwomba asilitaje jina la mke wake popote. Wengine walikuwa wamehamia mjini, akawapigia simu. Hadi saa kumi na moja jioni alikuwa ameshapata majibu ya makaburi sitini na mawili. Arobaini na manne yalikuwa na watu. Kumi na nane yalikuwa na migomba, pamoja na la Bagenda.

Bado moja.

*

Mutayoba alikuwa peke yake ofisini, anakunywa chai iliyokwisha poa. Alipomwona na daftari mkononi aliinuka, kisha akakaa tena.

"Wewe ndiye wa mwisho," Kemilembe alisema.

"Usiniulize, Ma Kemi."

"Namba arobaini na nane. Kokulengya, mama yako." Alifungua daftari. "Mlimpata?"

Mutayoba aliisogeza bilauri ya chai mpaka ukutani, na alipokwisha akairudisha. Alikuwa na miaka tisa wakati ule, alisema. Baba yake alikata mgomba nyuma ya jiko, akaupima kwa kanga ya mama. Watu wa kubeba walikuwa wachache kwa sababu kila nyumba ilikuwa na msiba. Akaambiwa ashike upande wa miguuni.

"Ulikuwa mzito, ule mti. Unajua mgomba una maji. Nikasema sawa, mama ni mzito. Siku ile niliamua ni yeye, na sijawahi kurudi nyuma. Nimeoa, nimempeleka mke wangu pale kumtambulisha. Wanangu wanamsalimia wakipita." Aliinua macho, nayo yalikuwa mekundu. "Kampuni wanitukane watakavyo. Hata kura tukishindwa, tutapiga nyingine. Lakini ukimsoma mama yangu na wasiopatikana, kesho nitaamka nikiwa sijui mama yangu yuko wapi. Umenielewa? Najua amekufa. Najua kabisa. Na bado nitaanza kuangalia watu barabarani."

"Nimekuelewa."

"Basi muweke na wale arobaini na wanne. Huyo mmoja tu. Baba ameshafariki, aliyeshika upande wa kichwani naye ameshafariki. Nimebaki mimi ninayejua, na wewe. Bagenda wako atapata jina lake, jimbo litapata ukweli wake. Mimi niachie kaburi."

Kemilembe alimwonea huruma. Katika maisha yake yote ya kazi hakuna mtu aliyemwomba kitu kidogo hivyo chenye sababu kubwa hivyo. Angeweza kumpa. Namba moja tu, kutoka safu hii kwenda ile.

"Ma Nyamwiza naye angependa," alisema hatimaye. "Na yule bwana aliyenisindikiza mpaka barabarani. Nikikupa wewe kwa sababu nakufahamu, wao nimewanyima kwa sababu gani?"

Mutayoba alichukua koti lake mlangoni. "Kesho nitakaa mimi kwenye mitambo," alisema akiwa amempa mgongo. "Siwezi kukuambia nitafanya nini ukilifikia jina hilo."

*

Alhamisi saa moja asubuhi, studio ya pili. Upande wa pili wa kioo Mutayoba alikuwa amekaa na kidole karibu na swichi ya kukatia matangazo. Bagenda aliketi kwenye kona ya studio na shati jipya alilonunuliwa na wafagiaji wa redio. Sheria iliwapa waliokosewa haki ya kujibu papo hapo, na yeye ndiye aliyekosewa.

Kiti kilikuwepo. Kemilembe alikisukuma kando kwa mguu akasimama.

"Mimi, Kemilembe Bitegeko wa Redio Upwa, nilikosea," alisema. "Miaka ishirini na miwili iliyopita nilihesabu makaburi sitini na matatu ya Kashanda, nikasema nimehesabu watu waliokufa. Arobaini na manne yana miili. Kumi na tisa yana migomba. Mmoja katika hao kumi na tisa yu hai, na yuko hapa nami. Kumi na wanane sijui walipo. Redio hii iliandikiwa barua na huyo aliye hai mwaka ule ule, nayo ikamwomba akae kimya. Malango ya Kashanda yalifunguliwa alfajiri, bila honi, juu ya watu waliolala. Hilo halina sahihisho."

Alianza na wale arobaini na wanne, na hakukimbia. Kisha akasema, "Ambao hawajapatikana," akaanza na Rwiza wa Ma Nyamwiza. Alipofika jina la kumi na mbili aliinua macho kwenye kioo. Mutayoba alikuwa akimtazama moja kwa moja, kidole juu ya swichi, midomo ikimtetemeka kama ya mtoto. Kemilembe angeweza kuruka. Hata wakati huo angeweza.

"Kokulengya," alisoma.

Swichi haikushuka. Akamalizia sita waliobaki.

Bagenda alisaidiwa kusogea kwenye kinasa sauti. Alikuwa ameandaa karatasi nzima, lakini alipoiangalia akaona haifai, akaikunja.

"Namsalimu binti yangu Asimwe popote anaponisikia," alisema, kama watu wanavyotuma salamu redioni tangu enzi. "Ujumbe wangu ni kwamba sikukuacha, mwanangu. Niliazimwa."

Kule nje jimbo lilikuwa limesimama. Kupitia dirishani Kemilembe aliona soko lote la chini, watu wamesimama na mizigo vichwani, mkono mmoja sikioni, wamemezwa na sauti yake. Kisha walianza kujongea tena, taratibu, na haikupita dakika tano gari la Kampuni likatokea kona ya posta na kipaza sauti chake: wameongopa, wamekiri wenyewe, sitini na tatu ni uongo. Mtu mmoja alilirushia nyanya. Wengine wawili walilipigia makofi, na mmoja wao alikuwa mwanamke ambaye Kemilembe alimfahamu.

Taa ya kwanza iliyowaka kwenye simu ilikuwa ya Asimwe. Hakusalimia. Alisema, "Usiondoke hapo, nakuja," na haikujulikana anamwambia baba yake au anamwonya Kemilembe. Bagenda alilia bila kujificha.

Baada ya hapo taa zote ziliwaka kwa pamoja. Hawakupiga kuuliza habari za kura. Waliuliza huyo Bagenda aliokotwa ufuko gani, na kama hospitali ile ilikuwa na wengine. Waliuliza kama alimwona msichana mwenye gauni la kijani. Kemilembe alijibu *sijui* mpaka neno likamkauka mdomoni. Mwanamume wa jana alipiga akamlaani kwa jina la baba yake, akakata, akapiga tena kuuliza lile swali la ufuko.

Mlango wa studio ulifunguka. Mutayoba aliingia, akasimama nyuma yake. Kemilembe hakuthubutu kugeuka. Alikuwa tayari kwa lolote, kufukuzwa kazi au kutukanwa.

"Angekuwa na miaka mingapi sasa?" Mutayoba aliuliza.

Umri ulikuwepo kwenye daftari. "Sitini na mmoja," alisema.

"Sitini na mmoja." Alilirudia kama anayepima kitu mkononi. "Si mzee sana."

Akavuta kiti mpaka kwenye simu, akakaa, na tangu hapo kila taa iliyowaka aliipokea yeye kabla Kemilembe hajanyoosha mkono.